Makala umeisoma yote, uchambuzi hautoki: dalili, vyanzo na marekebisho

Mwanafunzi wa uzamili yuko maktaba, iwe Tengeru, Njiro au Moshi mjini, na makala 15 amezipakua. Anasoma, anapiga mistari, anaandika sura ya pili, anaipeleka kwa msimamizi. Inarudi na maneno pembeni: "Huu ni muhtasari. Uchambuzi uko wapi?" Anaongeza makala nyingine 5, sura inanenepa, inarudi tena na maneno yaleyale.

Kuongeza makala hakutibu tatizo hili. Msomaji anafuata kile ambacho mwandishi amesema kuhusu matokeo yake, wakati alitakiwa kwenda kwenye namba yenyewe, au kwenye maneno ya mhojiwa, yanayobeba dai. Dalili zilizopangwa hapa chini zinaonekana tofauti, lakini ukizifuatilia nyingi zinaishia hapo.

Karatasi ya kufanyia kazi

Usianze kutafuta kasoro kabla hujaandaa karatasi hii. Chukua A4, ilaze, igawe safu 4. Ya kwanza ni ya dai: liandike kwa maneno yako, sentensi moja. Ya pili ni ya ushahidi: jedwali namba ngapi, mstari upi, ukurasa upi. Ya tatu ni ya kiungo: mwandishi amechukulia nini hadi ushahidi huo uwe hoja ya dai hilo? Ya nne ni ya pengo. Safu ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo wengi huiacha wazi, kwa sababu mara nyingi mwandishi mwenyewe hakuiandika. Alidhani kila mtu anakubali. Uchambuzi mzuri unazaliwa humo.

Mpangilio wa kusoma nao una maana. Ikisiri isome mara moja tu, dakika 2. Kisha aya ya mwisho ya utangulizi, ambako malengo hukaa. Kutoka hapo ruka moja kwa moja hadi mbinu. Ukimaliza mbinu fungua majedwali na michoro, funika maelezo yake kwa karatasi nyingine, na uandike sentensi moja yako: jedwali hili linasema nini? Ndipo usome mwandishi amesema nini juu ya jedwali hilo. Sentensi yako na yake zikipishana, tayari una la kuandika. Mjadala na hitimisho visomwe mwisho, kwa sababu vimeandikwa kukushawishi, na ukivitanguliza utayaona majedwali kwa macho ya mwandishi.

Makala moja ichukue saa 1 na nusu hadi 2, na madai yasizidi 5. Ukiwa na madai 12 kwenye karatasi, umenakili kila sentensi. Rudi uchague yale ambayo yakianguka, hitimisho linaanguka nayo.

Dalili: kila sentensi yako ina "alibaini"

Hesabu vitenzi kwenye ukurasa mmoja wa rasimu yako. Kama "alibaini", "aligundua", "alieleza" na "alihitimisha" vimejaa, na hakuna mahali ulipoandika "hata hivyo, Jedwali la 3 linaonyesha…", huo ni muhtasari, hata kama Kiswahili chake ni kizuri namna gani.

Tuchukue mfano wa kutunga. Makala inasema wakulima wa kahawa wilayani Hai ambao ni wanachama wa AMCOS (chama cha ushirika wa mazao) wana kipato kikubwa kuliko wasio wanachama, na hivyo ushirika unaongeza kipato. Wamehojiwa wanachama 120 na wasio wanachama 80, na wastani wa kipato umepishana sana. Jaza karatasi. Dai: uanachama unaongeza kipato. Ushahidi: wastani wa makundi mawili. Kiungo: makundi haya yangekuwa na kipato kilekile kama si uanachama.

Simama kwenye kiungo hicho. Nani anajiunga na AMCOS? Mwenye shamba la kutosha na kahawa ya kuuza. Mwenye kihamba (shamba la nyumbani la urithi) cha robo ekari, migomba imesongamana na miti ya kahawa ni ya babu yake, ana sababu ndogo ya kujiunga. Nenda Jedwali la 1, ambako sifa za washiriki huwekwa, uangalie ukubwa wa shamba, umri wa miti, elimu, umbali wa barabara. Kama wanachama wana ekari 2.1 kwa wastani na wenzao 0.9, tofauti ya kipato ingekuwepo hata kama AMCOS isingekuwepo. Sasa andika hivi: "Wanachama wana kipato kikubwa zaidi, lakini pia wana mashamba yanayozidi ya wenzao kwa zaidi ya mara mbili (Jedwali la 1), na uchanganuzi haukusawazisha ukubwa wa shamba, hivyo tofauti hiyo ya kipato haiwezi kuhesabiwa kuwa tunda la ushirika." Sentensi hiyo ina dai, ina namba, na inasema pengo liko wapi.

Usiishie hapo. Sema pia ni ushahidi gani ungetosha: kulinganisha wenye mashamba ya ukubwa mmoja, au kufuatilia wakulima walewale miaka miwili kabla na miwili baada ya kujiunga, sambamba na wengine ambao hawakujiunga. Na uangalie mwelekeo wa kinyume: huenda kipato ndicho kilichotangulia, uanachama ukafuata. Dodoso la siku moja halina namna ya kujua kipi kilianza.

Dalili: kasoro yako pekee ni "sampuli ni ndogo"

Hii ni kasoro ambayo kila mtu huiandika akikosa nyingine. Mahojiano ya kina na watu 20 yanaweza kutosha kabisa kwa swali la "kwa nini" na "kwa namna gani". Sampuli ni ndogo au kubwa kulingana na dai linalowekwa juu yake, basi onyesha dai lenyewe.

Kwenye tafiti nyingi za huku kwetu utakutana na fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli: idadi ya watu wote igawanywe kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linaloruhusiwa. Wakazi wakiwa 10,000 na kosa likiwa asilimia 5, unapata 385. Kosa likiwekwa asilimia 10, unapata 99. Ukiona sampuli ya 99 au 100, karibu kila mara aliyechagua alichagua asilimia 10, na maana yake ni kwamba kila asilimia kwenye majedwali yake inaweza kupanda au kushuka kwa pointi 10 hivi. Akikuambia asilimia 54 wameridhika mwaka huu dhidi ya 47 mwaka jana, tofauti hiyo ya pointi 7 imemezwa na kosa aliloliruhusu mwenyewe. Akizigawa zile 99 kuwa wanaume na wanawake, kisha vijana na wazee, baadhi ya visanduku vitabaki na watu 12. Hapo ndipo neno "ndogo" lina uzito, na unalisema ukiwa umeshika kisanduku husika mkononi.

Kuna mgongano mwingine unaopita bila kuonekana. Fomula hiyo inachukulia kuwa watu wamechaguliwa kwa bahati nasibu. Soma aya inayofuata: mara nyingi imeandikwa kwamba washiriki walichaguliwa kwa kusudi, au waliopatikana siku hiyo soko la Kilombero, Arusha. Fomula imetoa idadi, lakini sharti lake halikutimizwa. Watu 385 waliopatikana kirahisi wanaweza kupotosha kuliko 100 waliochaguliwa kwa nasibu, kwa sababu ukubwa hausahihishi upendeleo.

Dalili: umenukuu namba, lakini hujui walipima nini

Hili ndilo kosa tunaloliona la hatari zaidi, kwa sababu msomaji mwangalifu wa takwimu naye huliruka. Jina la kigeu, yaani kitu kinachopimwa, linakuwa limekaa vizuri kwenye jedwali: "malaria", "mavuno", "ufaulu". Swali la kwanza liwe: mtu aliingiaje kwenye kisanduku hicho?

Mfano wake uko Moshi penyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia wagonjwa 870 wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008. Madaktari, kwa kuangalia dalili, waliandika malaria kwa wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7. Vipimo vya maabara vilipofanywa kwa umakini, malaria ndiyo iliyokuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu, asilimia 1.6. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, na wengine magonjwa yanayotoka kwa wanyama, kama brusela, leptospirosisi na homa ya Q.

Sasa fikiria makala inayotumia rejesta ya hospitali kuonyesha kuwa malaria imeongezeka au imepungua. Hesabu zinaweza kuwa safi, mchoro ukavutia, na kilichopimwa kikawa tabia ya madaktari kuandika neno "malaria". Kwa hiyo ukifungua sehemu ya mbinu tafuta sentensi inayoanza "malaria ilitambuliwa kwa…". Isipokuwepo, hilo ni pengo la kwanza. Ikiwepo na ikasema "kwa dalili", liandike kwenye safu ya tatu kama kiungo kinachotia shaka.

Tahadhari upande wa pili. Usiichukue ile asilimia 1.6 ukaipeleka Geita au Kigoma. Moshi iko mwinuko wa juu kiasi, malaria si nyingi, na hao walikuwa wagonjwa waliolazwa, si wote wenye homa mtaani. Namba sahihi ikihamishwa mahali pasipo pake inageuka kuwa hoja mbaya.

Kwenye kilimo tatizo hilo huvaa nguo nyingine. Mkulima ameulizwa alivuna magunia mangapi msimu uliopita. Gunia la mmoja ni kilo 100, la mwingine ni lumbesa (lililojazwa kupita kiasi), na wa tatu alihesabu madebe akagawanya kichwani. Mtafiti akabadili kila gunia kuwa kilo 100, akagawanya kwa ekari ambazo mkulima alizikadiria kwa macho, akazidisha kwa 2.47 kupata tani kwa hekta hadi desimali mbili. Desimali zile mbili hazina msingi. Tafuta kama walipima shamba kwa GPS au kamba, na kama walipima mazao kwenye mizani.

Dalili: asilimia imekushtua ukaiandika bila kuuliza "ya nini?"

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika. Watoto 3,141 waligawanywa kwa nasibu: wengine walipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka (albumini au maji ya chumvi), wengine hawakupewa kwa haraka. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.6 na 10.5 kwenye makundi yaliyopewa maji, na 7.3 kwenye kundi ambalo halikupewa.

Namba hizo zinaweza kuandikwa kwa njia mbili. Hatari ya kifo ilipanda kwa asilimia 45 hivi. Au: kati ya watoto 1,000, walikufa 33 zaidi, yaani mmoja katika kila 30. Zote mbili ni kweli. Ya kwanza inakuambia uzito ukilinganisha na kiwango cha mwanzo, ya pili inakuambia wodini inamaanisha nini. Makala ikikupa moja tu, tafuta jedwali uikokotoe nyingine mwenyewe. Kikokotoo cha simu kinatosha. Ugonjwa ukiwa adimu, "umeongezeka mara mbili" unaweza kumaanisha kutoka mtu 1 hadi 2 kati ya 100,000.

Jaribio hilo lina funzo la pili. Kabla yake kulikuwa na maelezo yenye mantiki kabisa: mtoto aliye kwenye mshtuko ana upungufu wa maji kwenye mishipa, basi mjazie. Mantiki ilikubalika, ushahidi ukaenda kinyume. Kwa hiyo ukikuta kwenye mjadala "hii inawezekana ni kwa sababu…", ujue hilo ni wazo la mwandishi, halijawa matokeo. Na soma nani aliachwa nje: watoto wenye utapiamlo mkali, kuhara na kutapika, ajali au majeraha ya moto hawakuwemo. Mwanafunzi anayeandika "maji ya dripu huua watoto" amepita mipaka ambayo makala yenyewe iliichora.

Dalili: umekubali madai matatu kwa ushahidi wa moja

Makala nyingi zina dai moja lenye ushahidi mzito na mengine mawili yanayolipanda mgongoni. Barafu ya Kilimanjaro inaonyesha jambo hili wazi kuliko mfano wowote tunaoufahamu.

Mwaka 2002 jarida la Science lilichapisha makala ya Lonnie Thompson na wenzake. Ikisiri yake ilisema eneo la barafu lilipungua kwa asilimia 80 hivi katika karne ya 20, na kwamba hali ya hewa ikiendelea ilivyokuwa, barafu iliyobaki huenda ikatoweka kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita. Ukiwa Moshi asubuhi mawingu yakiachia Kibo, kilele cha Kilimanjaro, barafu bado unaiona, ingawa imeendelea kupungua. Je, makala ilikosea?

Gawanya madai. Dai la kwanza: barafu inapungua. Ushahidi ni ramani za miaka tofauti kuanzia 1912, na dai hili limesimama. Dai la pili: itaisha lini. Hapa fanya hesabu. Eneo lilikuwa kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 na takriban 2.2 mwaka 2000. Kwa miaka 88 zimepotea 9.8, sawa na 0.11 kwa mwaka. Gawa 2.2 kwa 0.11 unapata miaka 20, ambayo inaangukia 2020. Yaani hata mstari ulionyooka wa rula unakufikisha kwenye tarehe zilezile. Sasa badili kidogo: sema eneo la mwaka 2000 lilikuwa 2.6. Jibu linasogea hadi 2024. Tofauti ya kilomita za mraba 0.4 imehamisha tarehe kwa miaka 4. Utabiri unaotikisika hivyo kwa badiliko dogo haukupaswa kunukuliwa kama miadi, na waandishi wenyewe waliweka "ikiendelea" na "huenda". Walionukuu ndio walioyadondosha maneno hayo.

Dai la tatu ni la sababu. Watafiti wengine, Georg Kaser na wenzake, walionyesha mwaka 2004 kwamba kileleni joto hubaki chini ya nyuzi 0, na barafu hupotea zaidi kwa mionzi ya jua na kugeuka mvuke moja kwa moja. Wakasisitiza ukavu wa hewa ulioanza mwishoni mwa karne ya 19. Ramani za eneo, hata ziwe nyingi, haziwezi kuamua ugomvi huo, kwa sababu barafu inapungua chini ya maelezo yote mawili. Unahitaji vipimo vya hewa vya kileleni. Na kinyume chake, ugomvi wa sababu hauondoi hata mita moja kwenye dai la kwanza.

Kwa hiyo kila ukiona hitimisho refu, kata sentensi penye "na hivyo", "kwa sababu hiyo" na "itakuwa". Kila kipande kipe mstari wake kwenye karatasi.

Dalili: makala mbili zinagongana na hujui ufuate ipi

Usikimbilie kusema "tafiti zinatofautiana". Weka makala pembeni kwa pembeni ulinganishe, kwa mpangilio huu: kipimo, kigezo cha kukatia, watu, wakati, mahali.

Mathalani floridi, madini ambayo yakizidi hubadili rangi ya meno, kwenye maji ya pande za Meru. Moja inasema maji ya kijiji yanakubalika, nyingine inasema hayafai. Angalia kigezo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vya Tanzania viliwahi kuruhusu hadi 4. Maji yenye miligramu 3 yatafaulu kwa kigezo kimoja na kufeli kwa kingine, na ni maji yaleyale. Kama kigezo ni kimoja, uliza walichota wapi (chemchemi, mto au kisima kirefu) na mwezi gani, kwani mvua huongeza maji na kubadili vipimo. Kama makala moja ilipima maji na nyingine ikaangalia meno ya watu wazima, hazigongani hata kidogo: rangi ya meno hubeba habari ya maji yaliyonywewa utotoni, meno yakiwa yanaumbika, si ya bomba lililofungwa mwaka jana.

Mara nyingi ukifika hapo mgongano umeisha, na aya uliyoandika kuueleza ndiyo bora kwenye sura nzima.

Dalili: nyota nyingi kwenye jedwali zinakuridhisha

Nyota huwekwa penye thamani ya p iliyo ndogo, kwa kawaida chini ya 0.05. Thamani hiyo haikuambii athari ni kubwa, wala haikuambii kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba dai ni kweli. Inakuambia kwamba kama kusingekuwa na tofauti yoyote, matokeo kama haya au yaliyozidi yangetokea kwa nadra. Hesabu ni vipimo vingapi vilifanywa. Ukijaribu vigeu 20 visivyo na uhusiano wowote, uwezekano wa kupata angalau nyota moja kwa bahati ni asilimia 64 hivi. Jedwali lenye mistari 20 na nyota moja, ambayo ndiyo imebeba kichwa cha makala, limejieleza. Tazama ukubwa wa athari na namba mbili za kwenye mabano, ya chini na ya juu, zinazoonyesha athari halisi inaweza kuwa kati ya wapi na wapi. Mabano yakianzia karibu na sifuri hadi mbali sana, mwandishi hajui mengi bado.

Dalili: unaamini kwa sababu imechapishwa

Angalia tarehe ya kupokelewa na ya kukubaliwa, ambazo huwekwa ukurasa wa kwanza. Siku 4 kati ya hizo mbili hazitoshi mtu kuisoma kwa makini, achilia mbali kurekebisha. Tafuta kichwa cha makala mtandaoni pamoja na neno la kufutwa ("retracted"). Makala ya mwaka 1998 kwenye jarida la Lancet, iliyohusisha chanjo na usonji kwa watoto 12 tu, ilikaa miaka 12 kabla ya kufutwa mwaka 2010, na hadi leo kuna wanaoitaja. Kupita kwa wataalamu ni mlango wa kwanza. Uchambuzi wako ni mlango mwingine.

Dalili: hujaona kasoro yoyote, na makala inasema unachokiamini

Geuza matokeo. Jiulize: mbinu hizihizi, watu hawahawa, lakini jibu lingekuwa kinyume, ningekubali? Kama ungeanza kulalamika kuhusu dodoso, lalamika sasa. Kazi hii ni bora kuifanya mkiwa wawili, mmoja akitetea makala na mwingine akiipinga kwa dakika 15, kisha mbadilishane.

Dalili: namba hazijumliki

Jumlisha safu za majedwali. Asilimia zijumlishwe hadi 100, au 99 na 101 kwa kukadiria. Idadi ya washiriki kwenye mbinu ilingane na ya kwenye majedwali, au wapungufu waelezwe. Kama walihojiwa 200 na Jedwali la 4 lina 163, wale 37 walienda wapi? Walioacha wakiwa ndio waliofeli, matokeo yamepambwa.

Usidhani kazi hii ni ya maprofesa. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walichapisha makala iliyoonyesha kuwa nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikua kwa wastani wa asilimia -0.1. Wanasiasa waliitumia sana. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu Marekani, akirudia hesabu kwa ajili ya kazi ya darasani, aliomba jedwali lao la kompyuta, akalipata, na akakuta fomula ya wastani imeziacha nchi 5. Baada ya kosa hilo na mengine ya namna ya kuchagua na kupima data kurekebishwa, yeye na walimu wake walipata asilimia 2.2.

Nawe ukikwama, mwandikie mwandishi anayeshughulikia mawasiliano. Anwani yake iko ukurasa wa kwanza. Barua iwe fupi: wewe ni nani na unasoma chuo gani, umesoma makala ipi, ni jedwali lipi na mstari upi haujakaa sawa kwako, na ombi moja tu. Usitumie neno "kosa". Andika "sijaelewa namna 163 ilivyopatikana". Mpe wiki 2, mkumbushe mara moja. Akijibu, mshukuru na uweke maelezo yake kwenye uchambuzi kwa ruhusa yake. Asipojibu, andika namba zote mbili kama zilivyo, taja kurasa zake, na useme kwamba makala haielezi tofauti hiyo.